Mtoto Anajuaje Kuwa Yeye ni Mvulana au Msichana?

Mwulize mtoto wa miaka mitatu kama yeye ni mvulana au msichana, naye kwa kawaida atakujibu mara moja, tena sawasawa. Mwulize swali la pili: ukiwa mkubwa utakuwa baba au mama? Hapa wengine husita, na si ajabu mvulana akasema kwamba akikua atakuwa mama. Kisha mwulize la tatu: mvulana akivaa gauni na kusukwa nywele, je, bado ni mvulana? Watoto wengi wa umri huo watasema hapana, sasa amekuwa msichana. Kwa mtu mzima maswali haya ni swali moja lililoulizwa kwa namna tatu. Kwa mtoto ni maswali matatu kweli, na majibu yake humjia kwa nyakati tofauti, mara nyingi kwa kupishana miaka. Kupishana huko ndiko kulikowafanya wanasaikolojia wajiulize mtoto anaanzia wapi, na anafikaje.

Tuanze na istilahi. Jinsi ni hali ya kimaumbile ya kuwa wa kike au wa kiume. Jinsia ni maana ambazo jamii huzijenga juu ya tofauti hiyo: nani anatarajiwa kupika na nani kuchunga, vazi gani ni la nani, nani aruhusiwe kulia mbele za watu. Mtu huzaliwa na jinsi yake, lakini mengi yaliyomo katika jinsia hana budi kujifunza. Istilahi ya tatu ni nadharia. Katika sayansi neno hili halina maana ya kubahatisha. Nadharia ni maelezo yaliyopangwa kwa utaratibu, yanayoweza kupimwa kwa kuangalia mambo yanavyotokea. Nadharia ikidai kwamba jambo fulani hutangulia jingine, na watoto wakaonekana kuanza na lile la pili, basi nadharia hiyo itabidi irekebishwe. Jambo hilo litatokea hapa chini.

Mtoto mchanga hawezi kuulizwa swali, kwa hiyo watafiti hutumia macho yake. Akiwekewa picha mbili, moja kulia na nyingine kushoto, huitazama kwa muda mrefu zaidi ile inayomvutia, na muda huo hupimwa kwa sekunde. Kwa njia hii Paul Quinn na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba watoto wa miezi mitatu hadi minne hutofautisha nyuso za wanawake na za wanaume. Waliokuwa wakilelewa zaidi na mwanamke walipendelea kutazama nyuso za kike. Walipopatikana watoto wachache ambao mlezi wao mkuu alikuwa baba, upendeleo huo uligeuka. Huu bado si ufahamu wa jinsia. Ni kitu kilicho chini yake: uwezo wa kuona kwamba nyuso zinagawanyika katika mafungu mawili, pamoja na mazoea ya fungu lile lililo karibu zaidi.

Baada ya mafungu huja majina. Kristina Zosuls na wenzake, katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009, waliwafuatilia watoto wadogo kwa kutumia taarifa za mama zao. Walikuta kwamba kwa wastani watoto huanza kutumia maneno ya jinsia, kama vile mvulana na msichana, wakiwa na umri wa miezi 19 hivi. Waliokwisha kuyatumia maneno hayo ndio pia walioelekea zaidi kwenye michezo inayohesabiwa kuwa ya jinsi yao. Msomaji aushike umri huo wa miezi 19, maana tutauhitaji.

Lugha yenyewe inaweza kuharakisha au kuchelewesha hatua hii. Mwaka 1982 Alexander Guiora na wenzake walilinganisha watoto wanaokua na Kiebrania, Kiingereza na Kifini. Katika Kiebrania hata kitenzi hubadilika kulingana na jinsi ya mtu anayeambiwa, ilhali Kifini kina kiwakilishi kimoja tu kwa mwanamume na mwanamke. Watoto wa Kiebrania walitangulia kujitambua kuwa wa kike au wa kiume, na wa Kifini walikuja mwisho. Kiswahili kiko upande wa Kifini: "anakula" haimwambii msikilizaji ni nani anayekula. Mtoto wa Mswahili hupata dokezo kwingine: kaka na dada, shangazi na mjomba, kanga na kanzu.

Sasa tuzigeukie nadharia. Ile ya zamani zaidi miongoni mwa zinazotajwa sana ni ya Sigmund Freud, daktari wa Vienna. Alidai kwamba mtoto wa miaka mitatu hadi sita humtamani mzazi wa jinsi nyingine, humwogopa wa jinsi yake, kisha huituliza hofu hiyo kwa kujifananisha na yule anayemwogopa. Nadharia hii imewavutia sana waandishi wa riwaya. Kwa mtafiti ni dhaifu, kwa sababu ni vigumu kuipima, na kwa sababu watoto wanaolelewa na mzazi mmoja hujifunza jinsia kama wenzao. Tuiache hapo.

Njia ya pili inaanza na kanuni nyepesi: tendo linalofuatwa na jambo la kupendeza hurudiwa, na linalofuatwa na karipio au kicheko hupungua. Kanuni hiyo huitwa uimarishaji. Msichana akimbeba mwanasesere mgongoni kwa kipande cha kanga, bibi hutabasamu na kumsifu. Kaka yake akifanya hivyohivyo, watu humcheka. Yakirudiwa hayo mara nyingi, kila mmoja atafuata njia yake, hata kama hakuna kati yao anayeelewa chochote kuhusu jinsia. Mwaka 1966 Walter Mischel aliutetea mtazamo huu kwa nguvu katika kitabu kilichohaririwa na Eleanor Maccoby wa Chuo Kikuu cha Stanford.

Ikiwa uimarishaji ndio ufunguo, tutarajie kuona wazazi wakiwatendea wavulana na wasichana kwa tofauti kubwa. Hugh Lytton na David Romney walikusanya tafiti 172 juu ya jambo hilo na kuchapisha matokeo yao mwaka 1991. Katika upendo, ukali, mazungumzo na mengine mengi, tofauti zilikuwa ndogo sana. Palipojitokeza tofauti ya wazi ni mahali pamoja: wazazi huwahimiza watoto wafanye michezo na shughuli zinazohesabiwa kuwa za jinsi yao. Kwa hiyo uimarishaji upo, lakini peke yake hautoshi kueleza kwa nini watoto hutofautiana kwa kiasi tunachokiona.

Albert Bandura aliongeza jambo ambalo kila mzazi amewahi kuliona: mtoto hujifunza mengi kwa kutazama tu, bila kusifiwa wala kukaripiwa. Mtu anayetazamwa huitwa kielelezo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1965, Bandura aliwaonyesha watoto filamu ya mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa kwa namna za pekee. Walipoachwa wacheze, wavulana waliiga mapigo hayo zaidi kuliko wasichana. Mtu angeweza kuhitimisha hapo kwamba wasichana hawakujifunza. Lakini watoto walipoahidiwa zawadi kwa kila tendo walilolikumbuka na kulionyesha, pengo kati ya wasichana na wavulana karibu likatoweka. Wasichana walikuwa wamejifunza. Ila hawakuwa wamelitenda walilojifunza.

Tofauti hii kati ya kujua na kutenda inastahili kutafakariwa kwa utulivu. Mvulana wa miaka mitano huenda anajua barabara namna mama yake anavyojifunga kanga au anavyochambua mchele. Anaweza kuyaonyesha yote akiwa peke yake chumbani. Mbele ya wenzake hafanyi. Basi kuna kitu ndani yake kinachochagua yapi kati ya anayoyajua yawe yake. David Perry na Kay Bussey walikaribia kitu hicho mwaka 1979. Waliwaonyesha watoto kundi la wanaume na wanawake wakichagua kati ya vitu vya kawaida. Wanaume wote walipochagua hiki na wanawake wote kile, watoto waliwafuata watu wa jinsi yao. Chaguzi zilipochanganyika, watoto hawakumfuata mtu kwa sababu ya jinsi yake. Hii ina maana kwamba mtoto hamwigi mwanamume yeyote aliye mbele yake. Huwatazama wengi, hutafuta wanachoshirikiana, kisha huamua. Ili afanye hivyo lazima awe tayari na fungu la "watu kama mimi". Fungu hilo limetoka wapi?

Swali hili ndilo aliloanza nalo Lawrence Kohlberg, na jibu lake lilichapishwa katika kitabu kilekile cha mwaka 1966 kilichokuwa na sura ya Mischel. Wasomaji wa kitabu hicho walipata hoja mbili zinazoelekeana. Kwa Mischel, mtoto husifiwa kwa mambo ya kivulana, na kutokana na sifa hizo hutaka kuwa mvulana. Kohlberg aligeuza mpangilio: mtoto kwanza hujua kwamba yeye ni mvulana, na kwa kuwa anajua hivyo, mambo ya kivulana humpendeza. Sifa huja nyuma ya ufahamu.

Ili kuielewa hoja yake ni lazima turudi kwa Jean Piaget, Mswisi aliyefanya kazi Geneva. Piaget alimwekea mtoto bilauri mbili zinazofanana, zenye maji sawa. Mbele ya macho ya mtoto alimimina maji ya bilauri moja katika bilauri nyembamba na ndefu. Watoto wa miaka minne kwa kawaida husema sasa maji yameongezeka, kwa kuwa yamefika juu zaidi. Wa miaka saba au minane husema ni yaleyale. Mdogo anahukumu kwa sura iliyo mbele yake. Mkubwa amefahamu kwamba sura inaweza kubadilika na kiasi kikabaki. Kohlberg aliona kwamba swali la gauni ni la aina hiyohiyo. Nywele na nguo ni bilauri, jinsi ya mtu ni maji.

Rheta DeVries alilipima wazo hili mwaka 1969 kwa msaada wa paka mpole aliyeitwa Maynard. Mtoto alimshika paka na kumpapasa. Kisha sehemu ya mbele ya paka ilifichwa, mkia ukibaki unaonekana, na paka akavishwa kinyago cha mbwa. Alipoonyeshwa tena, watoto wengi wa miaka mitatu walisema huyu sasa ni mbwa. Wa miaka sita walieleza kwamba ni paka aliyevaa kinyago, wala hawezi kuwa kingine. Hakuna aliyekuwa ameondoka chumbani, na mkia haukupotea machoni hata kidogo. Katika umri mdogo, basi, hata aina ya mnyama bado si jambo la kudumu.

Kohlberg alipanga ufahamu wa jinsia katika hatua tatu. Ya kwanza ni utambulisho: kati ya miaka miwili na mitatu mtoto hujitaja kwa usahihi na kuwataja wengine. Ya pili ni udumifu: kwenye miaka minne hivi hufahamu kwamba aliyekuwa mtoto mchanga wa kike atakuwa mwanamke. Ya tatu ni uthabiti: kati ya miaka mitano na saba hufahamu kwamba jinsi haibadiliki hata nguo, nywele, kazi au matamanio yakibadilika. Ronald Slaby na Karin Frey waliandaa mwaka 1975 orodha ya maswali ya kupima hatua hizo, na maswali niliyoanza nayo yanafuata mkondo wao. Walikuta kwamba watoto hupita hatua hizo kwa mpangilio uliotabiriwa. Pia wavulana waliofikia hatua ya juu, walipoonyeshwa filamu yenye mwanamume upande mmoja na mwanamke upande wa pili, walimtazama mwanamume kwa muda mrefu zaidi kuliko wavulana waliokuwa nyuma.

Je, mpangilio huu ni wa watoto wa Marekani tu? Mwaka 1984 Robert Munroe, Harold Shimmin na Ruth Munroe walichapisha matokeo ya kuwauliza watoto wa jamii nne zilizo mbalimbali: Belize, Nepal, Samoa ya Marekani, na Walogoli wa magharibi mwa Kenya. Mfuatano wa hatua ulikuwa uleule. Hilo ni jambo zito, kwa sababu maisha ya mtoto wa Kilogoli hayafanani hata kidogo na ya mtoto wa Samoa.

Hata hivyo, nadharia ya Kohlberg ina ufa, na hapa ndipo miezi 19 inaporudi. Ikiwa mtoto huanza kupenda mambo ya jinsi yake baada ya kufahamu kwamba jinsi hiyo ni ya kudumu, upendeleo usionekane kabla ya miaka mitano. Lakini unaonekana kabla ya miaka miwili. Kwa maoni ya mwandishi, Kohlberg alikuwa sahihi kuhusu ngazi na alikosea kuhusu mahali pa kuanzia: kujiita tu kunatosha kuanzisha safari.

Sandra Bem alitia shaka upande mwingine. Aliuliza kama mtoto anayesema gauni humgeuza mvulana ana upungufu wa akili au wa taarifa. Katika utafiti wake wa mwaka 1989 alipima pia kama watoto wa shule ya awali wanajua kwamba maumbile ya mwili ndiyo yanayotenganisha wa kike na wa kiume. Miongoni mwa waliojua, karibu robo tatu walitambua kwamba nguo haimgeuzi mtu. Miongoni mwa wasiojua, ni kama mmoja kati ya tisa tu. Watu wazima huficha kigezo chenyewe kwa heshima, humvisha mtoto alama za nje kutwa kucha, kisha hushangaa mtoto anapozitegemea alama hizo.

Bem, na kwa upande wao Carol Martin na Charles Halverson, walichapisha mwaka 1981 nadharia iliyokuja kuziba pengo la Kohlberg. Neno lake kuu ni skima. Skima ni mpangilio wa maarifa ndani ya akili unaoongoza mtu aone nini, akumbuke nini na atarajie nini. Mtoto akishajua kwamba kuna mafungu mawili na kwamba yeye yumo katika moja, huanza kukusanya habari kuhusu kila fungu, na habari za fungu lake huzikusanya kwa bidii zaidi. Hahitaji kusubiri uthabiti. Hahitaji pia kusifiwa kila mara, kwa kuwa sasa anajisukuma mwenyewe.

Ushahidi mzuri wa skima ni makosa ya kumbukumbu. Mwaka 1983 Martin na Halverson waliwaonyesha watoto wa miaka mitano na sita picha za watoto wenzao wakifanya kazi. Baadhi zilikwenda kinyume na matarajio, kama msichana anayekata mbao kwa msumeno. Baada ya wiki moja watoto waliulizwa walichoona. Wengi walikumbuka mvulana mwenye msumeno, tena kwa uhakika. Skima ilikuwa imeipanga upya picha. Mwalimu anayedhani kwamba kubandika picha ya mwanamke rubani darasani kunatosha kubadili fikra za watoto anapaswa kuufahamu utafiti huu.

Skima huathiri pia kinachoingia akilini tangu mwanzo. Mwaka 1986 Marilyn Bradbard na wenzake waliwapa watoto wa miaka minne hadi tisa vitu wasivyovijua, na kuviita baadhi vya wavulana na vingine vya wasichana. Majina hayo yalibandikwa tu. Vitu vyenyewe havikuwa na jinsia. Watoto walivichunguza zaidi vile vilivyoitwa vya kwao, na baada ya wiki waliyakumbuka zaidi mambo yake. Tafakari maana yake kwa chombo cha maabara au kitabu cha hisabati.

Kwenye miaka mitano na sita skima huwa ngumu kuliko wakati wowote. Mtoto hutangaza sheria: wavulana hawalii, wasichana hawapandi miti, hata kama dada yake yuko juu ya mwembe wakati huo. Wenzake huzisimamia sheria hizo kwa ukali kuliko wazazi. Maccoby na Carol Jacklin waliripoti mwaka 1987 kwamba watoto wa miaka minne na nusu walicheza na wa jinsi yao karibu mara tatu ya walivyocheza na wa jinsi nyingine. Kwenye miaka sita na nusu ikawa mara 11. Kuanzia miaka saba au minane, wengi hulegea na kukubali kwamba desturi si sheria ya maumbile.

Swali linalobaki ni kama desturi yenyewe, yaani kazi anazopewa mtoto kila siku, humbadilisha hata asipochagua. Carol Ember alilitafutia jibu miongoni mwa Waluo wa Oyugis, kusini mwa Nyanza nchini Kenya, na kuchapisha matokeo mwaka 1973. Kuteka maji, kupika na kulea watoto zilihesabiwa kuwa kazi za wasichana. Lakini nyumba isiyo na msichana wa umri unaofaa haina budi kumpa mvulana kazi hizo. Mvulana hakuchagua, na wala mama hakuwa na falsafa fulani ya malezi. Ni mpangilio wa uzao tu. Kwa mtafiti, hali kama hii ni hazina, kwa sababu humwondolea shaka kwamba wavulana wapole ndio waliochaguliwa kupika. Ember alikuta kwamba wavulana waliofanya kazi nyingi za kike, hasa za ndani ya nyumba, walikuwa na ugomvi kidogo kuliko wavulana wengine. Zamu ya jikoni ilikuwa imewafunza namna ya kuishi na watu.

Hakuna nadharia kati ya hizi inayoufuta mwili. Sheri Berenbaum na Melissa Hines walionyesha mwaka 1992 kwamba wasichana waliokutana na kiwango kikubwa cha homoni za kiume wakiwa tumboni, kutokana na hitilafu ya tezi zilizo juu ya figo, walichezea magari na vitu vya kujengea zaidi kuliko ndugu zao wa kike. Homoni inaweza kuelekeza mvuto. Haiwezi kumwambia mtoto kwamba gauni ni la nani.

Msomaji aliye na mtoto wa miaka mitatu hadi sita nyumbani anaweza kumwuliza yale maswali matatu ya mwanzo, wakati wa mchezo na bila haraka. Asimcheke wala asimsahihishe papo hapo, bali baada ya kila jibu aulize "kwa nini?", kwa sababu sababu anayotoa mtoto hueleza zaidi kuliko jibu lenyewe. Aandike tarehe na majibu, kisha arudie maswali hayohayo baada ya miezi sita.